Maulizo ya lojiki na saa inayokimbia: namna ya kupata mbio ku testi ya kuingilia

Kila mwaka, kisha matokeo ya Examen d'État kutangazwa, vijana wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri, Maniema na Tanganyika wanaanza kutafuta mulango mwingine. Wamoja wanaomba nafasi mu fakulte zenye kupokea watu kidogo. Wengine wanatafuta burse ya kusoma inje ya inchi, ao kazi mu shirika ao mu banki. Mara nyingi, mbele ya ule mulango kuko testi yenye maulizo ya lojiki: kupanga watu ku mustari, kutafuta namba inayofuata, kumaliza domino, kusema kama mawazo mawili yanaleta la tatu. Na kila mara kuko saa ku ukuta.

Vijana wengi wanaoanguka si kwa sababu hawajui. Ukiwapa ile maulizo nyumbani, bila haraka, wanayajibu. Ku testi, saa inaisha wakiwa wamefika nusu. Muzazi aliyeuza mbuzi ao aliyekopa ku likelemba juu ya kulipa feza za kujiandikisha na transport anasikia tu: "Hakupita". Haelezwe kama mutoto wake alikosa akili ao alikosa dakika kumi.

Hizi dakika kumi mutu anaweza kuzipata. Mbio ku maulizo ya lojiki haitoke ku kuandika haraka wala ku kusoma haraka. Inatoka ku kuacha kurudilia kazi ile ile mara tatu. Hapa tunaonyesha namna gani, kwa mifano ambayo unaweza kufanya na biki na karatasi.

Kwanza ujue dakika zako

Mbele ya kujifunza kukimbia, ujue njia ina urefu gani. Chukua muda wa testi, ugawanye kwa hesabu ya maulizo. Mufano: kuko testi ya domino inayoitwa D48. Ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1948, ikifuata jaribio ambalo Mwingereza Edgar Anstey alikuwa amefanya kwa ajili ya jeshi ya Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia. Mpaka leo, aina hii ya maulizo ya domino inatumiwa sana mu inchi zinazosema Kifaransa. D48 iko na maulizo 44 kwa dakika 25. Ukigawanya, unapata sekunde 34 hivi kwa kila ulizo.

Mufano mwingine ni testi ya LSAT, ambayo watu wanafanya Marekani juu ya kuingia mu masomo ya sheria. Kwa miaka mingi ilikuwa na sehemu ya michezo ya lojiki: mara nyingi michezo 4 kwa dakika 35, ni kusema dakika 8 na sekunde 45 kwa kila muchezo.

Hesabu hii inakufundisha kitu kimoja: kama ulizo moja limekukamata dakika tatu mu testi ya domino, umekula nafasi ya maulizo mengine tano. Pengine zile tano zilikuwa nyepesi. Ulizo nguvu na ulizo nyepesi mara nyingi zinaleta pointi sawasawa. Ndiyo maana mutu mwenye mbio haanze na kushindana na ulizo nguvu. Anaanza kuokota zile zinazookotwa.

Chora, usibebe yote mu kichwa

Kosa kubwa ya wanafunzi wengi ni kusoma masharti, kuyaweka mu kichwa, kisha kurudi kuyasoma tena kwa kila ulizo. Muda unapotelea pale. Tufanye mufano.

Watu sita wako ku mustari mbele ya robine: Amani, Bahati, Chantal, Dunia, Espérance na Furaha. Nafasi ya 1 ndiyo ya mbele. Tunaambiwa hivi:
- Bahati yuko mbele ya Furaha (si lazima wafuatane).
- Chantal yuko nyuma ya Amani, wanafuatana bila mutu katikati.
- Dunia ni wa kwanza ao wa mwisho.
- Espérance yuko ku nafasi ya 4.

Usibebe majina. Andika herufi ya kwanza tu: A, B, C, D, E, F. Chora nafasi sita na uweke kile chenye uko nacho hakika:

1 _   2 _   3 _   4 E   5 _   6 _

Kisha geuza kila sharti kuwa alama fupi. "B ... F" maana yake B iko mbele ya F. "AC" zikikamatana maana yake zinatembea pamoja kama chukudu na muzigo wake. "D = 1 ao 6". Umeandika kidogo sana, lakini hautahitaji kurudi ku yale maneno tena.

Sasa jiulize: ni sharti gani linabana zaidi? Ni AC, kwa sababu linaomba nafasi mbili zinazofuatana, na E amekwisha kukata mustari. AC inaweza kuingia ku 1-2, ku 2-3, ao ku 5-6. Basi. Fuata kila njia:

- AC ku 1-2: D hawezi kuwa wa 1, basi ni wa 6. Zinabakia 3 na 5, na B iko mbele ya F. Tunapata A C B E F D.
- AC ku 2-3 na D ku 1: zinabakia 5 na 6. Tunapata D A C E B F.
- AC ku 2-3 na D ku 6: zinabakia 1 na 5. Tunapata B A C E F D.
- AC ku 5-6: D hawezi kuwa wa 6, basi ni wa 1. Zinabakia 2 na 3. Tunapata D B F E A C.

Kuko mistari ine tu inayowezekana. Kwa mutu aliyezoea, kazi hii inaomba dakika moja ao mbili. Kisha maulizo yanaanguka yenyewe. "Nani hawezi kuwa wa kwanza?" Angalia mwanzo wa mistari ine: unaona A, D, B, D. Basi Chantal, Espérance na Furaha hawawezi. "Kama Dunia ni wa mwisho, ni nini lazima iwe kweli?" Angalia mistari miwili yenye D ku mwisho: mu yote miwili, Furaha ni wa 5. Bahati anaweza kuwa wa 3 ao wa 1, basi hilo si lazima. Jibu ni Furaha ku 5.

Mutu asiyechora angeanza upya kwa kila ulizo. Wewe uliyechora, unasoma tu.

Na kama mistari inayowezekana ni mingi sana, kama kumi na tano? Usiiandike yote. Chora ile ya sharti linalobana, kisha uende ku maulizo. Kuchora ni chombo, si mapambo ya daftari.

Ulizo la "mustari gani ni sawa": kamata sharti, si jibu

Aina moja ya ulizo inakuja mara nyingi: wanakupa mistari tano, wanauliza ni upi unafuata masharti yote. Wengi wanasoma jibu la kwanza, wanalipima na masharti yote, kisha la pili, na kuendelea. Fanya kinyume: kamata sharti moja, lipitishe ku majibu yote, futa yale yanayolivunja. Kwa mustari wetu wa robine, majibu ni haya:

a) B A C E D F
b) A C F E B D
c) D B F E A C
d) D C A E B F
e) A C E B F D

Sharti la E ku nafasi ya 4: linafuta e. Sharti la D ku mwanzo ao mwisho: linafuta a. Sharti la AC: linafuta d. Sharti la B mbele ya F: linafuta b. Linabakia c. Kila sharti limeua jibu moja, na haukuhitaji kufikiri sana. Anza na sharti ambalo jicho linaona haraka, kama vile nafasi ya hakika.

Domino na namba: tenganisha vitu viwili

Ku domino, kosa ni kuangalia kipande kizima. Tenganisha: nusu ya juu iko na sheria yake, nusu ya chini iko na yake. Na ukumbuke jambo moja ambalo linaangusha watu: namba za domino zinazunguka. Kisha 6 inakuja nusu bila pointi, ni kusema 0, kisha 1, na kuendelea.

Mufano: juu tunaona 1, 3, 5, 0, na kipande cha tano hakionekane. Chini tunaona 4, 3, 2, 1. Juu, kila mara tunaruka hatua mbili: 1, 3, 5, kutoka 5 tunapita 6, tunafika 0, kutoka 0 tunapita 1, tunafika 2. Chini tunashuka hatua moja: kisha 1 inakuja 0. Jibu ni 2 juu na 0 chini. Mutu asiyejua kwamba namba zinazunguka atakwama ku ile 0, na dakika mbili zitapita.

Ku mustari wa namba, uwe na utaratibu mumoja ambao haubadilike, kusudi mukono uanze kazi mbele ya woga. Kwanza, andika tofauti kati ya namba zinazofuatana. Mufano: 3, 4, 7, 12, 19. Tofauti ni 1, 3, 5, 7. Inayofuata ni 9, basi jibu ni 28. Kama tofauti hazina sura, angalia kama namba zinazidishwa. Kama tena haiko hivyo, angalia kama kuko mistari miwili iliyochanganywa: 2, 20, 4, 17, 8, 14. Ukisoma moja kwa kuruka moja, unaona 2, 4, 8 na 20, 17, 14. Inayofuata ni 16. Kama umepima hizi tatu na hakuna kitu, weka alama kando ya ulizo na uende mbele.

Maneno: "wote" si "wale tu"

Soma hii: "Wavuvi wote wa kijiji wanajua kuogelea. Neema anajua kuogelea." Je, Neema ni muvuvi? Wengi wanajibu ndiyo. Lakini jibu ni kwamba hatuwezi kujua. Wavuvi wote wanajua kuogelea, lakini haikusemwa kwamba wavuvi tu ndio wanajua. Kile ambacho kinatoka ku sentensi ya kwanza ni hiki: mutu wa kijiji ambaye hajui kuogelea, si muvuvi. Ukishika kwamba "kila A ni B" inageuka kuwa "asiye B si A", na haigeuke kuwa "kila B ni A", umepata jibu la maulizo mengi ya aina hii mu sekunde kumi.

Tena, acha ku mulango yale unayoyajua ya maisha. Kama testi inasema "samaki wote wanapanda miti", usibishane nayo. Ku lojiki tunatumia tu kile kilichoandikwa.

Kuko kikwazo kingine kwetu ambacho watu hawasemi sana: testi ziko mu Kifaransa. Mara nyingi lojiki inaeleweka, lakini neno dogo linageuza yote. Jifunze haya kwa moyo mpaka jicho liyaone bila kutafsiri. "Au moins trois" ni tatu ao zaidi. "Au plus trois" ni tatu ao chini yake. "Sauf" inamaanisha unatafuta lile lisilo sawa. "Immédiatement après" ni bila kitu katikati, lakini "après" peke yake inaruhusu kitu katikati. "À moins que" inaleta sharti la kukataza. Na "peut être vrai" si sawa na "doit être vrai": ya kwanza inaomba mustari mumoja tu unaowezekana, ya pili inaomba mistari yote ikubali. Ku testi, piga mustari chini ya maneno haya mara tu unapoyaona.

Zunguko mbili, na hesabu ya kubahatisha

Pita testi mara mbili. Ku zunguko la kwanza, jibu yale unayoona njia yake mara moja. Yale ambayo hauone njia kisha sekunde kumi na tano hivi, weka alama na uyaruke. Ku zunguko la pili, rudia yale yenye alama. Lakini angalia namba ya ulizo ku karatasi ya majibu kila unaporuka. Mutu anayeruka ulizo la 12 na kuandika jibu la 13 ku nafasi ya 12 anaweza kuharibu yote yanayofuata.

Mbele ya kubahatisha, soma namna testi inavyohesabiwa. Kama jibu baya halikatwe pointi, usiache nafasi hata moja tupu. Kama jibu baya linakata robo ya pointi na kuko majibu tano, kubahatisha bila kujua kitu hakuleti faida wala hasara: mara moja ku tano unapata 1, mara ine unapoteza robo, jumla sifuri. Lakini kama umefuta majibu mawili kwa hakika na yamebakia matatu, hesabu inageuka kuwa upande wako. Ndiyo maana kufuta majibu mabaya ni kazi yenye mushahara, hata kama haujapata lile sawa.

Mazoezi ya wiki sita

Mbio haipatikane usiku mumoja mbele ya testi. Kama uko na wiki sita, zigawanye hivi.

Wiki mbili za kwanza, weka saa mbali. Fanya maulizo matano ao sita kwa siku, polepole, mpaka ujue kuchora kila aina. Mutu anayeanza na saa anajifunza tu kukosea haraka.

Wiki mbili zinazofuata, weka saa lakini usijikaze. Andika dakika ulizotumia kwa kila ulizo. Fungua daftari ya makosa yenye nguzo tatu: ulizo, dakika, na sababu. Sababu ndiyo ya maana. "Sikuchora." "Nilisoma vibaya neno sauf." "Nilikataa kuruka." Kisha siku kumi utaona sababu moja ao mbili zinarudi sikuzote. Tengeneza hizo kwanza.

Wiki mbili za mwisho, fanya testi nzima kwa muda kamili, kama mara mbili kwa wiki, asubui kama testi yako ni ya asubui, umekaa ku meza, telefone imezimwa. Kama haupate vitabu, mukutane watatu ao wane. Kila mutu atunge maulizo mawili na kuwapa wengine. Mutu anayetunga ulizo la mustari anaelewa haraka namna gani sharti linabana.

Na wale wanaokuuzia "tuyau" ya testi ku telefone, linda feza yako. Kuna wanaouza karatasi za uongo, na hata ile ya kweli inaweza kukufanya ufukuzwe.

Jambo ambalo saa haipime

Ni vizuri pia kusema ukweli juu ya testi zenyewe. Mtoto aliyekuta maulizo haya mara mia anaonekana mwenye akili kuliko yule anayeyaona mara ya kwanza, hata kama hawapitane kwa akili. Shule nyingi za vijijini, na shule ambazo wanafunzi wake walikimbia vita, hazikupata nafasi ya kufanya mazoezi haya. Hata inje jambo hili limebishaniwa. Marekani, watu wasioona walishitaki LSAT kwa sababu ile michezo ya lojiki iliomba mutu achore, na wao hawawezi. Mwaka 2019 walipatana na shirika la ile testi kwamba litafute njia ingine, na tangu Mwezi wa 8 mwaka 2024 ile michezo imeondolewa. Kesi hii inaonyesha pia namna gani kuchora ni nusu ya mbio.

Kwetu, testi hizi zingali. Wazazi, mutoto anayeketi na karatasi yenye herufi na mistari hachezi. Mumupe saa moja ya utulivu na, kama inawezekana, taa.

Tunakuachia moja ya kufanya leo magaribi. Mama anauza vitu vine kwa siku ine zinazofuatana, kila siku kimoja: maharagi, ndizi, mihogo na samaki. Maharagi yanauzwa mbele ya samaki, na kati yao kuna angalau siku moja. Mihogo inauzwa siku inayofuata ile ya ndizi. Ni nini inauzwa kila siku? Weka saa. Kama umechora ndizi na mihogo kama kitu kimoja, utaona kwamba ku mwanzo ao ku mwisho, zinasukuma maharagi na samaki zikamatane. Zinabakia katikati tu. Jibu: maharagi, ndizi, mihogo, samaki. Kama ilipita dakika mbili, kesho utatunga yako na kumupa ndugu yako.